Naomba ushauri: nizungumze vipi na binti yangu?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Binti yangu ana miaka 16. Juzi kaniuliza, macho chini, eti ni kweli mtu hawezi kushika mimba mara ya kwanza? Niliganda. Nikamjibu anaweza, tena hiyo hiyo ya kwanza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Sijui ni yeye au anamuulizia rafiki yake. Nahisi mabinti wengi wa umri wake hata hawasukumwi na tamaa. Wanaogopa kuachwa, au kuonekana washamba mbele ya wenzao. Baba yake anataka tumnyang'anye simu, basi. Mimi naona tukimtisha atajificha, na magonjwa ya zinaa kama kisonono au klamidia yanaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Na likitokea la kutokea, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Ataniambia saa ngapi kama ananiogopa?

Mliolea mabinti, mlianzia wapi? Nimweleze habari za kondomu, au ndiyo nitakuwa nimempa ruhusa? Kejeli sitaki, tafadhali.