Tupeane uzoefu: Umelipa hela yako, lakini kampuni bado ndiyo inakuamulia

Mama Kihonda (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa moyoni tangu masika, leo nimeona niliweke hapa ili kila aliyepitia kama hili naye aseme lake.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Mwaka jana alichukua simu ya mkopo: kianzio elfu 50, halafu shilingi 1,800 kila siku kwa mwaka mzima. Simu hiyohiyo dukani kwa keshi ilikuwa 380,000. Ukipiga hesabu unaona analipa zaidi ya laki saba, lakini hilo silalamikii. Keshi hakuwa nayo na masharti aliyakubali mwenyewe.

Ninachotaka kukisema ni kilichotokea pikipiki ilipolala gereji siku tatu. Hakuingiza hela, hakulipa. Usiku simu ikajifunga. Niliishika kwa mkono wangu: kioo cheupe, maneno ya kudai, namba ya kulipia, basi. Yupo mama mmoja wa mtaa wa Nanenane ambaye mdogo wangu humpelekea watoto shule alfajiri. Alituma meseji kwamba kesho watoto watoke mapema, wana mtihani. Mlio wa meseji tuliusikia wote tukiwa tumekaa sebuleni. Pa kuifungulia hapakuwepo. Watoto walichelewa, na mteja yule hakurudi tena.

Yaani simu inayomtafutia hela ya kulipa deni ndiyo iliyofungwa kwa sababu ya deni.

Baba yetu alituachia redio ya National aliyoinunua Tabora mwaka 1984. Imeharibika mara nne nizijuazo. Fundi anaifungua, anagusa waya kwa risasi ya kuchomelea, inaongea. Hajawahi kutokea mtu akaizima akiwa ofisini Dar. Ndiyo maana nauliza: nani mwingine amenunua kitu, simu, TV, gemu, printa, chochote, kisha akagundua ufunguo umebaki kwa aliyemuuzia?

Fundi wa Aggrey

Dada, mpe pole mdogo wako. Nipo Kariakoo, nafungua simu tangu 2009, na kwa wiki haziishi siku mbili bila kuletewa simu ya namna hiyo. Wengi wanadhani nikiiflashi, yaani nikifuta programu zote na kuweka upya, imepona. Nyingi haziponi. Kufuli lake halikai kwenye programu peke yake, limeandikishwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, kwa IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu. Unaweza kufuta kila kitu, simu ikawaka kama mpya, lakini ikionja intaneti tu inauliza seva, seva inajibu "huyu anadaiwa", inajifunga upya. Wapo mafundi wanaobadilisha IMEI. Mimi sifanyi, ni kosa la jinai, na simu ya namna hiyo hata polisi haitakutetea ikiibiwa.

Ila wacha niseme la kwetu mafundi, maana watu hawalijui. Zamani simu ikipasuka kioo, nilitafuta kioo cha simu nyingine mbovu ya aina ileile, napachika, mteja anaondoka. Sasa hivi kioo kina kichwa chake. Nyuma ya kioo kuna aisii, kijidude cha kielektroniki kidogo kama punje ya ulezi, imeandikwa namba inayolingana na ubao wa simu yako. Ukileta kioo kingine, hata kama kimetoka kiwandani kwa kampuni ileile, simu inakikataa au inakipunguzia uwezo. Ilipotoka iPhone 13 mwaka 2021, ukibadilisha kioo bila kuhamisha aisii hiyo, Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, inakufa. Mafundi wa dunia nzima walipiga kelele mpaka Apple ikaahidi kuiondoa hali hiyo kwa apdeti.

Kuihamisha ndiyo kazi. Unaweka maikroskopu, unashusha aisii kwa bloa ya hewa moto kutoka kioo kilichopasuka, unasafisha miguu yake, unaipandisha kwenye kioo kizima. Joto likizidi kidogo imekwenda, na kioo cha mteja kimekwenda nayo. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea simu yake, kioo halali kabisa amekitoa kwenye simu ya marehemu kaka yake. Nilikaa juu ya kioo kile saa nzima, nikashika pumzi. Kilikubali. Lakini niliwaza sana siku ile: kijana ana simu yake, ana kioo cha kaka yake, vyote vimelipiwa, sasa huyu wa tatu anayetaka kuombwa ruhusa ni nani?

Kule Marekani jimbo la Oregon lilipitisha sheria mwaka 2024 inayokataza mtindo huu wa kuoanisha vipuri. Natamani wabunge wetu waisome.

Steshenari Dodoma

Langu mimi ni la printa. Nilinunua mbili za rangi kwa ajili ya kazi za shule. Wino wa kampuni bei yake inakaribia printa yenyewe, kwa hiyo nilikuwa natumia katriji (vikasha vya wino) za kampuni nyingine za bei nafuu, na zinafanya kazi vizuri tu, miezi minane bila shida. Siku moja mashine ikajiwekea apdeti usiku, maana ilikuwa imeunganishwa na waifai. Asubuhi ikaandika kwamba katriji haitambuliki. Katriji ni zilezile za jana yake, wino umejaa. Mwalimu wa taaluma amesimama mbele ya kaunta na fleshi ya mitihani ya moku, darasa la saba, nakala 140. Nilimpeleka kwa jirani yangu. Ushauri wangu kwa wenye steshenari: printa unganisha kwa waya, zima apdeti za kujiendesha kabla hujachapa hata karatasi moja.

Kiranja wa Zamani

Steshenari, hilo la printa lilishafika mpaka mahakamani huko Marekani. Septemba 2016 printa za HP za aina kadhaa zilianza siku moja kukataa katriji za kampuni nyingine. Watu wakaja juu, HP ikatoa apdeti ya kuirudisha hali kwa wanaoitaka. Na hataza, yaani haki ya mvumbuzi, wanayoisemea juu ya wino ina mpaka: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lexmark, ikasema ukishauza katriji haki yako ya hataza juu ya katriji ile imekwisha, mnunuzi anaweza kuijaza na kuiuza tena. Kwa hiyo kisheria wameshindwa kuizuia, wanaizuia kwa programu.

Mwana wa Likoni

Sisi huku Mombasa tulianza kuliona mapema kwa dikoda, nyie mnaita king'amuzi. Mnakumbuka Februari 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa? Chaneli za Citizen, NTV na KTN zilitoweka karibu wiki tatu, wakubwa wanavutana nani arushe matangazo ya dijitali. Bibi yangu alikuwa na TV yake nzuri, antena juu ya mwembe, miaka yote anatazama taarifa ya habari saa moja bila kulipa senti. Tukamnunulia dikoda. Mwezi wa kwanza raha. Mwezi wa pili kifurushi kimeisha, hata chaneli za bure zikafungwa. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwani TV imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika. "Sasa mbona haioneshi na umeme upo?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu wa miaka 78. Nilipata dikoda nyingine ya chaneli za bure baadaye, lakini miezi minne alikaa na redio tu.

Ng'wana Nyamagana

Tanzania nako mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliagiza ving'amuzi vya kulipia viache kubeba chaneli za bure kwa sababu leseni zao hazikuwaruhusu. Aliyenunua king'amuzi kwa ajili ya ITV akaambiwa anunue kingine. Familia zikawa na ving'amuzi viwili juu ya TV moja.

Ila langu ni la gemu. Nina banda la PlayStation Mwanza, mashine tano, vijana wanacheza mpira kwa 500 kwa mechi. Namshukuru Mungu nilianza na diski. Diski ninaiazima, ninaiuza, ninaibadilisha na mwenye banda la Igoma. Mwaka juzi kuna jamaa alinishawishi ninunue mashine isiyo na mlango wa diski kwa kuwa ni rahisi. Gemu zote unapakua kwenye akaunti. Nikanunua gemu sita. Siku moja akaunti ikafungwa, wanasema kuna malipo yenye utata. Kadi niliyolipia ilikuwa ya shemeji yangu, na aliniruhusu. Nimeandika barua pepe, nimetuma picha za risiti, nimejibiwa na mashine. Gemu sita zimekaa ndani, na mimi niko nje. Mashine ile sasa iko juu ya kabati, imefunikwa kanga.

Na hata akaunti ikiwa salama, gemu yenyewe inaweza kufa. Kampuni ya gemu ya Ubisoft walifunga seva za The Crew tarehe 31 Machi 2024. Ni gemu ya magari ya mwaka 2014, hata ukitaka kuendesha peke yako ilidai seva. Walioinunua wamebaki na jina lake tu. Kwa hasira hiyo ndipo kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai gemu zilizouzwa zisiuawe, ilipoanza, na Ulaya wameisaini watu zaidi ya milioni moja. EA, watengenezaji wa gemu za mpira za FIFA, nao Septemba 2023 waliziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni. Diski zangu za FIFA 19 na 21 zinapiga kazi mpaka leo saa mbili usiku.

Bin Seif, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nilikaa Uingereza miaka tisa kabla ya kuhamia huku Oman. Watoto wangu walikulia kwenye katuni nilizowanunulia moja moja, si kukodi, kitufe kiliandikwa "nunua". Zilifika kama arobaini. Tulipohamia, programu ikanitaka nibadilishe nchi ya akaunti ili niweze kulipia kwa kadi ya huku. Nikabadilisha. Katuni zikapungua zikabaki kumi na moja. Zile nyingine kampuni haina haki ya kuzionesha Oman. Binti yangu mdogo alikuwa na moja ya kulalia, kila usiku ile ile. Nilimwambia itarudi, na haijarudi.

Vitabu ni vivyo hivyo. Julai 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle, vile vifaa vya kusomea vitabu, za wateja wao wakafuta nakala za kitabu *1984* cha George Orwell, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki. Walirudisha fedha, na mkuu wao wa wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilizimwa, hela zikarudishwa. Lakini alama ulizoweka pembeni mwa kurasa, nani akurudishie?

Mwaka 2024 California walitunga sheria kwamba muuzaji asiandike "nunua" kwenye kitu cha kidijitali bila kumweleza mteja wazi kuwa anapewa leseni tu. Hiyo ingenifaa sana mimi.

Muuzaji Ubungo

Naombeni nami nisikilizwe. Ninauza simu za mkopo. Mama anayekaanga mihogo hana hati ya kiwanja, hana barua ya mwajiri, benki hawamtazami. Kufuli ndilo dhamana yake. Likiondolewa, kesho asubuhi hakuna kampuni itakayompa simu. Nimeona wengi waliopata simu ya kwanza ya maana kwa njia hii na wakamaliza salama. Kosa ninaloliona ni sisi wauzaji kutosoma mkataba pamoja na mteja. Tunamwambia "weka kidole hapa" na foleni inasogea.

Mama Kihonda

Muuzaji Ubungo, nakuelewa na nakushukuru kwa kusema. Mimi sipingi dhamana. Mtu akishikilia hati yako ya nyumba, bado unalala ndani ya nyumba. Kwa nini wasifunge muziki na video, wakaacha kupiga simu na kusoma meseji? Kazi ikiendelea, deni linalipika.

Na nimerudi na mengine. Jumamosi iliyopita mdogo wangu alimaliza. Alilipa 1,800 ya mwisho saa tatu usiku, akaiweka simu mezani, hakulala. Tulikaa naye, mimi na mke wake, tunaitazama. Ilipofika saa sita kamili kioo kikawaka chenyewe, wifi yangu akanishika mkono. Ilikuwa meseji ya hongera.

Lakini leo nimeingia kwenye orodha ya programu nikaikuta ileile ya kampuni bado imo. Kitufe cha kuiondoa kimefifia, hakibonyezeki. Fundi, tufanyeje?

Fundi wa Aggrey

Msiiflashi, na msimpe fundi yeyote wa mtaani. Programu kuwepo maana yake IMEI bado haijaondolewa kwenye seva, na wa kuiondoa ni wao tu. Bonyeza *#06#, andika namba. Nendeni walikoichukulia na ushahidi wa kila malipo, dai barua ya kumaliza deni na dai IMEI itolewe mbele yenu. Kisha hapohapo dukani irudisheni simu kwenye hali ya kiwandani, muiunganishe na intaneti, msubiri. Isiporudi programu, mmepona. Wakiwazungusha, Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya walaji, andikeni barua mambo yakiwa bado ya moto.

Ng'wana Nyamagana

Piga na picha ya hiyo programu kabla hamjaenda.

Mama Kihonda

Nimepiga. Meseji za malipo zote 365 ziko kwenye simu yenyewe, kwa hiyo leo mchana tumekaa na wifi tunazinakili kwenye daftari la mtoto, tarehe na namba ya muamala, moja moja. Tumefika Oktoba. Jumatatu asubuhi tunakwenda dukani wote watatu. Nitaleta mrejesho.