Huna chama, au una kadi lakini moyo haumo? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Naomba uzi huu uwe wa simulizi za watu wenyewe, si wa kupigiana kampeni. Nauanzisha kwa sababu nimechoka kuulizwa "wewe uko upande gani?" kila tukikutana kwenye shughuli za ukoo, halafu jibu langu halikubaliki.

Mimi naamini ardhi ya kijiji isitoke bila wanakijiji wenyewe kuridhia mkutanoni. Naamini maji, shule na zahanati ni wajibu wa serikali, si biashara. Nikiyasema hayo, rafiki zangu walio upinzani wananiambia mimi ni CCM wa enzi za Mwalimu Nyerere. Naamini vilevile kwamba rais ambaye ni mgombea hapaswi kuwa ndiye mteuzi wa wasimamizi wa uchaguzi, na kwamba rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilistahili kufika kwa wananchi ikapigiwa kura kama ilivyoandikwa. Nikiyasema haya, shemeji yangu ambaye ni katibu wa tawi ananiita mpinzani.

Yote hayo nayaamini kwa uzito uleule. Sijayumba wala sisubiri kuona upepo unaelekea wapi. Ni msimamo, nimeufikiria miaka mingi, ila hauna bendera.

Wewe usiye na chama, au mwenye kadi lakini moyo haumo, unaishije mtaani, kazini na nyumbani? Eleza yaliyokupata wewe. Usitaje jina la mtu wa mtaani kwenu, usitukane.

Mwalimu wa Kijijini

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nafundisha shule ya msingi mkoani Singida.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu. Kwetu ulikuwa haujaitishwa muda mrefu. Ulipoitishwa nikasimama, nikauliza: tunalipia maji kila ndoo, sasa pampu imekufa, fedha ya matengenezo iko wapi? Sikuuliza kwa ukali. Nikajibiwa, "Mwalimu, siasa za upinzani zipeleke kwenye mikutano yao." Watu wakapiga makofi, na wengine wao nilikuwa nimefundisha watoto wao kusoma.

Hazikupita siku nyingi, chama kingine kikaja kufanya mkutano wa hadhara uwanjani kwetu. Msemaji akaahidi maji bure kijiji kizima. Nikanyoosha mkono nikauliza dizeli ya pampu italipiwa na nani. Kijana mmoja nyuma akapaza sauti, "Huyo katumwa!" Kipaza sauti kikaondolewa mbele yangu.

Swali langu lilikuwa lilelile, fedha ya pampu. Upande mmoja nikawa mpinzani, upande wa pili nikawa pandikizi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baadhi ya akina mama tuliokuwa tukipanga foleni ya maji pamoja walianza kunyamaza nikifika. Hawakuwa na ubaya, waliogopa kuonekana na mtu ambaye haijulikani ni wa nani.

Nilipopata pumzi ni kwenye jumuiya ya watumia maji. Kule hatukuulizana kadi. Wanachama tuliulizana nani anatunza risiti na nani ana ufunguo wa kioski. Hesabu zikaanza kusomwa hadharani, na waliokuwa wakinikwepa ndio wakawa wa kwanza kuuliza maswali. Ndiyo maana naamini watu wetu wanaweza kushughulikia mambo yao wenyewe pale wanapoachwa wazungumzie jambo lenyewe.

Bodaboda wa Kihonda

Mimi nakuwa mfupi. Wakati wa kampeni kijiweni kwetu wanakuja kutukodi kwa msafara, unawekewa mafuta na unafungiwa bendera kwenye pikipiki. Nimefungiwa za pande zote. Kwangu ni siku ya kazi kama nyingine. Shida inakuja baada ya uchaguzi: yule aliyeona bendera ile anakuhesabu wa kule, na abiria wengine wanakupita wanapanda ya mwenzako. Kura yangu nilimpigia diwani aliyefuatilia kivuko cha mtaa wetu. Chama chake sikukiangalia.

Mzee wa Temeke

Wanangu, nimesoma nikaona na mimi niandike. Mjukuu ananisaidia kubonyeza.

Nilichukua kadi ya TANU mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Nilikuwa karani, kijana. Wengine walivutwa na ngoma na hotuba, mimi nilivutwa na miiko ya uongozi: kiongozi asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nilimshuhudia mkubwa wangu wa kazi akiuza nyumba yake ya kupangisha ili abaki na dhamana yake. Pale nikasema hiki ni chama cha kujiunga. Tulipewa ahadi za mwanachama, na mojawapo ilisema: "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Niliitamka nikimaanisha.

Mwaka 1977 TANU na ASP zikaungana, tukapewa kadi za CCM. Hapo sikuwa na neno. Lakini Februari 1991 Halmashauri Kuu ilikaa Zanzibar, miiko ile ikalegezwa. Sisi wa matawini tulipata habari jambo likiwa limekwisha. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko hata vyama vingi, na nashangaa vijana hamlizungumzi.

Mwaka huohuo Tume ya Jaji Nyalali ikawa inapita kukusanya maoni. Wengi sana, kama asilimia 80, walisema tubaki na chama kimoja. Mimi nilikuwa katika wale wachache, na nilieleza sababu: wenye kuamini miiko wapate pa kwenda. Julai 1992 vyama vikaruhusiwa. 1995 nilihudhuria mikutano yote iliyofika Temeke. Walizungumzia rushwa, na walizungumza vizuri. Habari ya kiongozi kuwa na mipaka katika mali yake sikuisikia. Miaka 20 baadaye ACT-Wazalendo wakatoa Azimio la Tabora wakiyarudia mambo hayo, nikafurahi kusikia maneno hayo yakitamkwa tena, ila katika umri huu sichukui kadi nyingine.

Wanangu wa kuzaa wananiambia, "Baba, rudisha hiyo kadi basi, kwa nini unaiweka?" Siirudishi, na mikutano yao siendi. Ile ahadi niliitoa mimi, na bado naishika.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Hii ya mwaka 1991 mimi niliijua kama habari ya kitabuni, sikujua kama kuna mtu iliyomgusa moyoni namna hii. Ahsante sana.

Binti Wete

Assalaam aleikum. Nyinyi wa bara mnazungumza habari ya kutokuwa na chama kama jambo linalowezekana. Kwetu Pemba nilikokulia halikuwepo. Baada ya uchaguzi wa 1995, na mpaka ule wa 2000, mtu alikuwa ni CUF au ni CCM, hata mtoto. Lilikuwepo duka la hawa na duka la wale. Zilikuwepo harusi ambazo jirani wa ukuta mmoja hakualikwa. Lililo zito zaidi, watu walisusiana maziko. Mtu anakufa, na watu waliosoma naye chuo kimoja hawaji kumzika.

Baba yangu alikuwa upande mmoja, mjomba upande wa pili, na mama yangu yuko katikati, mke wa huyu na dada wa yule. Nilipokuwa skuli nilimuuliza, "Mama, wewe ni wa wapi?" Akanambia, "Mwanangu, mie nataka kaka yangu aingie mlango huu aseme hodi. Anayelileta hilo ndiye wangu." Wakati ule nilimuona mama hajui siasa. Leo naona yeye ndiye aliyekuwa na msimamo kuliko wote wawili, maana alijua anachotaka na hakukibadilisha.

Januari 2001 watu wakauliwa kwenye maandamano, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka wa Oktoba mwaka ule ulituliza kidogo. Mimi nilipata nafuu mwaka 2010. Tulipiga kura ya maoni tarehe 31 Julai, tunaulizwa tunataka serikali ya umoja wa kitaifa au hatutaki. Ilikuwa mara ya kwanza naulizwa ninachokitaka bila kutajiwa chama. Nikapiga ndiyo, na theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Mjomba alikuja nyumbani Idd ile. Mama alipika tangu alfajiri.

Yaliyotokea 2015, uchaguzi kufutwa na kurudiwa Machi 2016, yaliturudisha nyuma, na mlango ule ulifungwa tena kwa muda. Lakini sisi wa mama yangu tupo wengi visiwani, na hatuna maskani wala baraza letu.

Kijana wa Nakuru

Niruhusuni niongeze ya Kenya. Huku vyama havikai. Mwaka 2002 tulikuwa na NARC, 2007 ni ODM na PNU, 2013 TNA na URP, 2017 Jubilee, 2022 UDA na Azimio. Mtu akikuuliza chama chako huku Nakuru, mara nyingi anachotaka kujua ni jina lako la ukoo. Akishalisikia, ameshakupangia. Mimi baba yangu na mama yangu wanatoka jamii mbili ambazo watu wanazidhania ni za kambi mbili, kwa hiyo kila uchaguzi kuna upande unaoniona msaliti kabla sijafungua mdomo.

Kuna jambo lililonikasirisha ambalo nataka Watanzania mlijue. Sijawahi kujiunga na chama chochote. Siku moja nikaangalia kumbukumbu za Msajili wa Vyama vya Siasa kwa nambari yangu ya kitambulisho, nikakuta mimi ni mwanachama wa chama ambacho hata ofisi yake siijui. Si mimi pekee, Wakenya wengi walijikuta hivyo. Nilijiuzulu uanachama ambao sikuuomba.

Na si jambo la karatasi tu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 85, inaruhusu mgombea huru, lakini ni lazima awe hajawa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Sasa fikiria kijana anayetaka kugombea udiwani kwa nguvu zake, anafika mwishoni anaambiwa jina lake limo kwenye orodha ya chama.

Juni 2024, tulipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, vijana walisema wazi: hatuna kabila, hatuna chama. Nilikuwepo. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza jina la baba yangu.

Kada

Nawaheshimu wote mlioandika, na mzee shikamoo. Ila niseme ukweli ninavyouona. Mimi ni mwanachama hai, nalipa ada, nahudhuria vikao. Si kila kitu cha chama changu nakipenda. Lakini katika majimbo mengi anayeshinda kura za maoni ndani ya chama ndiye mbunge. Mkikaa nje, mnawaachia watu wachache wamchague mbunge wenu, halafu mnalalamika kwamba hana maana. Ingieni mbishane ndani. Mwalimu, maswali yako ya pampu yangetusaidia sana kwenye kikao cha tawi.

Mwalimu wa Kijijini

Kaka, nimekuelewa, na nashukuru kwa lugha nzuri. Lakini maji ni ya kijiji kizima. Kwa nini nilazimike kuingia kikao cha tawi ndipo niulize habari ya maji ya kijiji?

Mwanzisha uzi

Kada, hoja yako ni nzito na wengi humu wataikubali. Mimi naikubali nusu. Ibara ya 20 ya Katiba yetu inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Ibara ya 39 na ya 67 zinasema asiye mwanachama aliyependekezwa na chama hawezi kugombea urais wala ubunge. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hili Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1993, na mwaka uliofuata Jaji Lugakingira akakubaliana naye. Bunge likabadilisha Katiba kuziba nafasi hiyo. Akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, ikampa haki Juni 2013. Amefariki 2015 mgombea binafsi bado hajaruhusiwa, na mwaka 2019 nchi ikaondoa ruhusa ya mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Urais na ubunge ni mbali. Angalieni mtaani. Jirani yangu ni mama lishe. Ndiye anayesuluhisha ugomvi wa mipaka, ndiye anayejua nani ana mgonjwa, ndiye aliyewashika vijana mkono mpaka mtaro ukazibuliwa. Watu wakamwomba agombee uenyekiti wa mtaa. Lakini hata huko chini ni lazima udhaminiwe na chama, na yeye alikataa kuchukua kadi. Alituambia, "Nikichukua ya hawa, wale hawatakuja tena kwangu wakigombana." Tukampata mwenyekiti mwingine. Wenye ugomvi wa mipaka bado wanakwenda kwa mama lishe, ila sasa akishawapatanisha hana muhuri wa kuwaandikia.

Nataka tuanzie hapo, kwenye kitongoji na mtaa, tudai mgombea binafsi kabla ya kufika bungeni. Mwenye kisa cha mtu aliyetakiwa na watu wa mtaa wake akakwama kwa kukosa kadi, alete, na aseme ni mkoa gani.