Joto la jua la kupikia jioni: mchanga, mafuta, chumvi au chuma?

Dishi_Pana: Wadau, nina dishi la vioo la mita 1.5 za mraba. Adhuhuri anga ikiwa safi linachemsha vizuri, ila mimi napika jua likishazama. Nataka kulihifadhi joto la mchana. Mngechagua nini kati ya hivyo vinne?

Kilojuli: Mkuu, anza na hesabu. Jua la adhuhuri hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Dishi lako likinasa nusu yake, una wati 750. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 kunataka kilojuli 670 hivi. Kilo 20 za mchanga zikishuka kutoka nyuzi 250 hadi 110 hutoa kama 2,200. Chini ya 110 usihesabu tena, sufuria itachelewa mno kuchemka.

Kwa hiyo joto linatosha. Kazi ni kulitoa. Mchanga mkavu hupitisha joto polepole sana: ule unaogusa sufuria unapoa upesi, wa katikati bado una moto mkali, na maji hayachemki. Ukiupenda mchanga, pitisha vyuma ndani yake toka chini hadi juu.

Mhunzi: Naungana na Kilojuli, na ndiyo sababu nasema chuma. Kwa kilo hubeba karibu nusu tu ya joto la mawe, lakini kwa ujazo kinayapita, na sufuria ikikalia bamba lake hulipata joto mara moja. Uzito ndio kero. Mawe ya mtoni usiyaguse: maji yaliyonaswa ndani yakiwa mvuke, jiwe hupasuka.

Bi_Mwanga: Mafuta hubeba zaidi ya mara mbili ya mchanga kwa kilo, na huzunguka yenyewe hadi kwenye sufuria. Ila yakifika nyuzi 200 yameshatanuka zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo acha nafasi. Tone la maji likiingia humo, mafuta yanaruka. Penye watoto, mimi siyaweki.

Dishi_Pana: Na chumvi?

Kilojuli: Si ya mezani: mitambo ya umeme wa jua hutumia chumvi za nitrati, ya sodiamu asilimia 60 na ya potasiamu 40. Huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi na hustahimili hadi 565. Jikoni naikataa kabisa. Nitrati ya moto ikikutana na mafuta au mkaa inaweza kuwasha moto mkubwa. Tena ikiyeyuka chini huku juu imeganda, hutanuka na kupasua chombo.

Bi_Mwanga: Kuna pia swali la dishi lenyewe. La kawaida, mahali miali inapokutana huhama nalo, utabebaje kilo 30 za chuma? Wolfgang Scheffler alijenga dishi kaskazini mwa Kenya mwaka 1986 ambalo huzunguka kulifuata jua huku miali ikiangukia palepale. Hapo chuma unakijengea ukutani.

Dishi_Pana: Nimeshawishika, nachukua chuma. Nikizungushie nini?

Mhunzi: Pamba ya mwamba (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), sentimita 10 au zaidi kila upande, povu la plastiki litayeyuka. Tundu la kuingizia miali liwe na kifuniko kinene, ukifunge mara tu jua linapofifia, maana joto jingi hutorokea hapo. Na vaa miwani myeusi ya kuchomelea unapolenga dishi.