Mjadala: Je, Sahani za Santuri za Karne Iliyopita Ziendelee Kuwa Mali ya Kampuni?

Sauti iliyorekodiwa karibu miaka 100 iliyopita, ambayo kila aliyeiimba amekwisha kufariki, iendelee kulindwa kwa faida ya kampuni, au iachiwe umma? Suala hili lilipamba moto Agosti 2023, pale kampuni za muziki za Universal, Sony na wenzao zilipoishtaki maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive kwa kuweka wazi nyimbo ilizonakili kutoka kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika. Mashtaka ya awali yalitaja rekodi 2,749, na sheria ya Marekani inaruhusu fidia ya hadi dola 150,000 kwa kila kazi iliyoingiliwa kwa makusudi. Septemba 2025 pande hizo zilipatana kwa masharti yasiyotangazwa, na swali lenyewe halikuamuliwa.

Naamini sahani hizo ni haki ya umma, na kwamba miaka 100 ya ulinzi wa kisheria ni mingi mno.

Wanaotetea kampuni husema kwamba bila mtaji wao sauti hizo zisingekuwapo, na katika hilo wanasema kweli. Fred Gaisberg, fundi wa Gramophone Company ya London, alimrekodi mwimbaji wa opera Enrico Caruso mjini Milan, Italia, mwaka 1902, nyimbo 10 kwa pauni 100, malipo ambayo ofisi yake iliyaona makubwa kupita kiasi. Mwaka huohuo alifika Calcutta, India, akamrekodi mwimbaji wa huko, Gauhar Jaan. Mwimbaji wa wakati huo alisimama mbele ya pembe kubwa, sauti yake ikaitikisa sindano iliyochora mchirizi kwenye nta, naye akalazimika kuubana wimbo uishe kwa takriban dakika tatu, kisha nta hiyo ikasafirishwa hadi Hannover, Ujerumani, kutengenezewa kalibu za kupigia sahani. Mwisho wa wimbo Gauhar Jaan hutamka jina lake kwa sauti kubwa, ili mafundi wa Hannover wasikosee kuandika lebo, na hadi leo tamko hilo linasikika.

Hata hivyo, hakuna aliyetoa fedha mwaka 1902 kwa kutegemea mapato ya karne iliyofuata. Sahani za Caruso zilirudisha gharama zake na kuleta faida kubwa tangu zamani hizo. Hoja ya warithi wa wasanii naiheshimu zaidi, lakini waimbaji wengi wa enzi hiyo walilipwa mara moja tu, bila mirabaha, kwa hiyo kurefusha ulinzi wa rekodi hakuwapi wajukuu wao chochote. Wakati huohuo vitu vyenyewe vinaangamia: sahani hizo zilitengenezwa kwa sheleki, ute wa wadudu wa India, ambayo huvunjika kama kigae, na nakala nyingi tunazozisikia leo zimetoka kwa watu binafsi waliozitunza nyumbani, si kwenye maghala ya kampuni.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni hiyohiyo ya London kwa lebo ya His Master's Voice. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 haziko tena chini ya ulinzi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2018 iliziachia huru zile za kabla ya 1923 kuanzia 1 Januari 2022, lakini zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 ikazipa miaka 100. Kwa hesabu hiyo, sahani iliyotoka mwaka 1928 ni huru London, ilhali Chicago itasubiri hadi 1 Januari 2029. Sijaona bado mtu anayeeleza ni nani aliyefaidika na tofauti hiyo.

Sheria hiyo ya 2018 inaruhusu matumizi yasiyo ya biashara ya rekodi isiyouzwa tena, ila anayeitaka lazima kwanza atafute kama inauzwa, atoe taarifa, kisha asubiri siku 90 ambazo mwenye haki anaweza kukataa. Napendekeza mzigo huo ugeuzwe: kampuni inayotaka kuendelea kulindwa baada ya miaka 50 iisajili rekodi yake na kuiweka sokoni, na ile isiyosajiliwa maktaba yoyote iwe huru kuinakili na kuisikilizisha. Wanaoona pendekezo hili linamdhulumu mtu, wamtaje ni nani na anapoteza nini.