Tupeane uzoefu: saratani imeonekana Kigoma au Tabora, bingwa wa kuikata hayupo

Mzawa wa Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Kila timu ya madaktari bingwa ikipita wilayani, wanaobaki nyuma ni watu walioshika karatasi za rufaa. Bingwa wa upasuaji wa jumla unaweza kumpata hospitali ya mkoa. Bingwa bobezi wa kupasua saratani ni safari ya Mwanza au Dar. Wenye kufanya kazi hizi, tuelezeni: mambo yanaharibika wapi kabla mgonjwa hajafika hospitali ya kanda ya Bugando (Mwanza) au taasisi ya saratani ya Ocean Road (Dar)?

Nesi wa Kasulu
Yanaharibika siku ya kwanza, kwenye kisu cha kwanza. Mama wa miaka thelathini na kitu, uvimbe titini wa ukubwa wa limao. Hospitali moja (siitaji) wakamwambia ni kauvimbe tu, wakachoma ganzi, wakakikwangua vipande vipande, wakashona. Nyama ikaishia kwenye ndoo ya taka za thieta. Kadi imeandikwa maneno mawili: "uvimbe umeondolewa". Hakuna upande, hakuna ukubwa, hakuna kinyama (kipande cha uvimbe cha kupimwa) kilichopelekwa maabara. Miezi ikapita, kovu likafumuka, kidonda kikaanza kutoa harufu, tezi za kwapani zikawa ngumu zimeshikana. Alipofika hospitali ya kanda ilibidi waanze upya: kuchukua kinyama, kupima vipokezi vya homoni na HER2 (vipimo vya kuchagua dawa), kisha dawa za saratani kwanza ili uvimbe usinyae, ndipo wafikirie kukata titi. Ugonjwa ambao ungepangiwa matibabu sawasawa tangu mwanzo ukageuka kuwa mgumu zaidi kutibu. Nikiikumbuka ile ndoo moyo unauma.

Binti Manyema
Ndoo hiyo ipo hospitali nyingi, dada. Mungu amtie nguvu huyo mama.

Maabara Tabora
Niongezee kwenye kinyama, maana hata wanaokipeleka wengi wanakiua njiani. Formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ni ya asilimia 10: sehemu moja ya ile kali ya dukani, sehemu tisa za maji. Iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, na nyama izame ndani ya saa moja tangu itoke mwilini. Maji ya dripu hayahifadhi. Chupa iwe ya mdomo mpana. Nyama inaingia laini, ikishakauka kwa dawa haitoki kwenye mdomo mwembamba. Lebo ibandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Titi zima likiingizwa bila kupasuliwa, dawa haifiki katikati na kwa joto letu linaozea ndani. Lichanjwe kutokea nyuma kila sentimita moja, upande wa ngozi ubaki umeshikana, na daktari aweke nyuzi za alama: fupi juu, ndefu upande wa kwapa.

Tabibu wa Kaliua
Wakuu, mnatutisha. Maana yake wilayani tusiguse kitu? Mgonjwa amefunga choo siku nne, tumbo kama ngoma, anatapika, nimwambie apande basi kwenda Mwanza?

Kisu cha Kitete
Hakuna aliyesema hivyo, mkuu. Huyo unampasua usiku huohuo. Maji ya mishipani, mpira wa puani, kisha unatoa utumbo nje juu ya palipoziba ili kinyesi kipate njia. Usihangaike kuung'oa uvimbe wenyewe usiku ambao huna damu wala mtu wa usingizi mwenye uzoefu. Kilichokatazwa ni kukata nusu uvimbe ambao si wa dharura. Titi linachukuliwa kinyama kwa sindano nene ya geji 14, vipande vinne au zaidi, basi.

Tabibu wa Kaliua
Hizo sindano zinakuja lini wilayani? Tunaagiza, haziletwi.

Kisu cha Kitete
Zisipokuwepo, chukua kipande kwa kisu kidogo, mahali ambapo bingwa atapaondoa pamoja na titi. Nakubali dawa na vifaa ni tatizo, lakini ndoo si jibu la upungufu wa sindano.

Mkunga wa Uvinza
Na vizazi je? Mama anatoka damu baada ya tendo, anaondolewa kizazi kwa operesheni ya kawaida kumbe saratani ya mlango wa kizazi imeshajichimbia. Hiyo ni hasara kubwa, operesheni ya saratani ni pana zaidi, na iliyokwisha kuenea jirani inatibiwa kwa mionzi. Akija anavuja sana: pakia shashi ukeni, ongeza damu, toa rufaa. Mapema kabisa ni kipimo cha siki: paka siki kwenye mlango wa kizazi, subiri dakika moja, tazama weupe. Weupe ukiingia ndani ya mfereji, au ukiwa na dalili ya saratani yenyewe, usichome kwa joto kama zinavyochomwa dalili za awali. Chukua kinyama. Na mabinti wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo.

Mwana Sikonge
Mtoto akivimba taya haraka haraka msimpeleke kung'oa meno! Huku kwenye malaria uvimbe ule wa Burkitt (saratani ya tezi inayowapata watoto) unakua kwa siku chache, na tiba yake ni dawa, si kisu. Kinyama, halafu gari. Na mboni ya jicho ikiwaka nyeupe kwenye picha, inaweza kuwa saratani ya jicho: hapo usichukue kinyama, ni gari moja kwa moja.

Mzee wa Nzega
Mimi nasema Mwanza. Tabora unapita Nzega na Shinyanga, Kigoma unapita Kibondo na Nyakanazi. Dar ni mbali bure.

Binti Manyema
Si bure, mzee wangu. Mwenye ndugu Dar ana pa kulala. Mionzi ya mlango wa kizazi ni kama mara 25, siku tano kwa wiki, bado ile ya ndani, inayowekwa ukeni. Wengi wanakatisha kwa kukosa chumba na chakula, si kwa kukosa daktari. Pigeni simu kwanza muulize mashine inafanya kazi na foleni ikoje.

Mzawa wa Ujiji
Na asiye na bima?

Mkunga wa Uvinza
Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla ya kusafiri, na barua ya mtendaji wa kijiji. Akifika kule bila barua anaanza kuzungushwa.

Maabara Tabora
Abebe pia majibu halisi ya kinyama. Akihamia hospitali nyingine aombe vioo vya darubini na bloku za nta zenye kinyama chake, zinapimwa tena bila kumkata upya.

Nesi wa Kasulu
Na kwenye barua ya rufaa wekeni namba ya simu ya daktari aliyeiandika. Kule wakikwama hawana wa kumuuliza alikata nini.