Kituo cha kura ndani ya chuo Malindi: tuanzie wapi?

Kijana wa Faza: Asalaam aleikum wakubwa. Nasoma chuo hapa Malindi, kura yangu iko Faza, Lamu Mashariki. Kwenda kupiga ni basi hadi Mokowe, kisha boti, na kurudi vivyo hivyo. Nauli hiyo nala wiki mbili. Kaka yangu 2022 alifika Mokowe boti zimejaa, akaishia kupiga simu badala ya kura. Tunataka kuiomba IEBC, tume ya uchaguzi, iweke kituo katika ukumbi wa chuo, uchaguzi wa 10 Agosti 2027. Barua tupeleke wapi?

Karani wa Zamani: Ofisi ya IEBC ya eneo bunge la Malindi, mwanangu. Lakini kituo hata kikiwekwa mlangoni pa bweni lako, jina lako liko Faza. Utaweka kidole kwenye KIEMS, ile mashine ya kutambua wapiga kura, na haitakupata. Lazima uhamishe kura, na sheria inataka uombe siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi.

Mama Barani: Na ukihamisha, umehama kweli. Zile karatasi sita za kura zitakuwa za hapa: gavana wa Kilifi, mbunge wa Malindi. Ya rais tu ndiyo ile ile. Lamu Mashariki umemwachia nani?

Kijana wa Faza: Hapo umenigusa, bi mkubwa. Ila huku ndiko ninakolala na kununua maji ya mitungi.

Mlinzi Mstaafu: Mnasahau geti. Nimelinda chuo kimoja miaka mingi; usipotoa kitambulisho cha mwanafunzi huingii. Kituo cha kura ni cha kila aliyeandikishwa pale, hata muuza mahamri wa nje. Andikeni kwenye barua kwamba lango litakuwa wazi saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mkuu wa chuo atie sahihi.

Karani wa Zamani: Ahsante mlinzi. Jingine: 2022 shule zilifungwa kupisha uchaguzi. Chuo nacho kikifunga Agosti, ukumbini atabaki karani na paka. Tazameni kalenda kwanza. Mimi ningeanza na ombi jepesi: makarani waje chuoni siku chache kuandikisha na kuhamisha watu. Hesabu ya waliojiandikisha ndiyo itakayowasemea kuhusu kituo.

Kijana wa Faza: Nimeanza orodha, majina 63. Kumi na mmoja hawana kitambulisho cha taifa.

Mama Barani: Hao waende kwa chifu kesho, kabla ya barua yoyote.