Naomba ushauri: matunzo ya viwanja na mabwawa ya umma yalipiwe na nani?

Habari zenu wakuu. Nimeteuliwa kwenye kamati ya wakazi itakayotoa maoni kwa halmashauri ya jiji kuhusu bwawa la kuogelea la umma, viwanja vya mpira na bustani. Kila mjumbe anataka kujenga kipya. Nani atanunua dawa ya maji, nani atawalipa waokoaji, nani atabadilisha pampu ikichoka? Hapo kimya. Uzinduzi una utepe na picha. Kuziba bomba hakuna.

Viingilio vinasaidia, ila bwawa la umma ni nadra kujilipia gharama zake, na bei ikipanda watoto wa familia zisizo na uwezo ndio wa kwanza kukosa. Mkopo unafaa kwa ujenzi, si kwa mishahara. Mimi naegemea kodi maalumu isiyohamishiwa kazi nyingine. Huko Marekani, jiji la Minneapolis lina bodi ya bustani inayochaguliwa na wananchi, iliyoanzishwa 1883, na jijini Seattle wapiga kura walikubali mwaka 2014 kuunda mamlaka ya bustani yenye kodi yake. Wanaonipinga wanasema fedha ikifungwa hivyo, jiji litakwama siku ya dharura. Hoja ina uzito, sibishi.

Mliowahi kushughulika na bajeti za miji, mlikadiriaje matunzo kabla ya ujenzi kuanza? Na kituo kikichakaa, mlitumia kigezo gani kuamua kukarabati au kufunga? Idadi ya watumiaji pekee inanitia shaka, maana kituo kibovu watu hukikimbia wenyewe.